Kondoo Mwekundu Hana Wakili

Kila nikifungua simu kuna mtu wa rika langu, gambuti mpya, amesimama kando ya Dorper akituambia kondoo ndio doo. Mwili mkubwa, anakua haraka, bei yake si mchezo. Sawa. Lakini mbona hakuna anayetaja minyoo?

Kuna mnyoo mmoja, Haemonchus contortus, anayekaa kwenye tumbo la nne la kondoo akinyonya damu. Mvua ikikolea, kope zinakuwa nyeupe kwa ndani, taya linavimba kwa chini, na asubuhi moja unamkuta mnyama amelala tu hivyo. Kondoo mwekundu wa Kimaasai, yule mwenye nywele fupi badala ya sufu na mkia wa mafuta, humstahimili mnyoo huyu kuliko Dorper. Hizi si stori za wazee. Watafiti waliwalinganisha hapa hapa Kenya, kule pwani, miaka ya 1990, na huyo mdogo tunayemcheka akatoka mbele.

Dorper mwenyewe hana kosa. Alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930, kwa nchi kavu, na kwa nchi kavu yenye malisho anafaa. Kosa ni letu. Mpaka katikati ya miaka ya 1970 mwekundu alijaa kila boma la wafugaji. Kisha madume ya Dorper yakasambazwa kwa ruzuku, na wafugaji hawakufundishwa kubakisha kundi la damu safi pembeni. Wakachanganya. Watoto wa hao wakachanganywa tena. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na hata hiyo hesabu naiweza: ukizalisha chotara kwa chotara miaka 50, mwekundu utamtoa wapi?

Na usiniambie tutanunua dawa. Minyoo huzoea dawa, na dawa inataka pesa kila msimu, kutoka kwa mtu ambaye pesa yake ni hao hao kondoo. Kinga ya mwekundu iko ndani ya damu, haina risiti.

Mjomba wangu aliyeko Kajiado alipoteza chotara 11 mvua zilizopita. Sasa anatafuta dume jekundu safi. Ameenda masoko matatu, na kila muuzaji anamwapia kwamba wake ni safi, huku kichwa cheusi kikichungulia kwenye kizazi.