Kizunguzungu cha mkao: bima ilipie mashine au ujuzi?

Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na Kenya ikaanza kutekeleza bima yake mpya ya afya ya jamii Oktoba 2024. Sasa nchi zote mbili zinakabiliwa na swali moja: fedha hizo zilipie nini?

Kizunguzungu cha mkao ni mfano mzuri. Huzuka chembe ndogo za chokaa zinapohama mahali pake katika sikio la ndani. Mgonjwa akijigeuza kitandani, huona chumba kinazunguka. Daktari huutambua ugonjwa kwa kumlaza haraka, kichwa kikiwa kimegeuzwa, na kutazama mwendo wa macho. Tiba aliyoichapisha Mmarekani John Epley mwaka 1992 ni kukigeuza kichwa hatua kwa hatua hadi chembe zitoke zilikokwama. Kinachohitajika ni kitanda na mikono yenye ujuzi.

Ujuzi huo ukikosekana, mgonjwa huweza kuelekezwa kwenye picha ya ubongo, ambayo haizionyeshi chembe hizo. Picha ina nafasi yake: kizunguzungu kikiandamana na kupooza upande mmoja au kushindwa kusema, hiyo ni dharura. Vinginevyo, serikali zikinunua mashine bila kuwafundisha matabibu wa zahanati, bima itabeba gharama isiyo ya lazima, na mgonjwa atarudi nyumbani angali anayumba.