Kupunguza Mwili si Kushinda na Njaa

Kwa watu wa umri wangu hapa Ikungi, kumwambia mtu akae na njaa kwa hiari yake ni maneno ya ajabu. Mwaka 1974 nilikuwa mtoto wa miaka kumi, ukame umekausha mashamba na serikali inaagiza mahindi ya njano kutoka nje. Unga wake watu waliuita unga wa Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi ya timu hiyo, na hata washabiki wa Simba waliula bila ubishi. Jirani zetu Wagogo nao wana njaa yao inayosimuliwa hadi leo, Mtunya, iliyoanza Vita ya Kwanza ya Dunia ikielekea ukingoni. Mtu aliyelelewa na wazee waliopita katika hayo hainuki mezani sahani ikiwa na kitu. Na ukienda kwa mtu ukakataa chakula chake, unamwachia neno moyoni.

Sasa mchukueni mtu wa malezi hayo, amefika umri wa kustaafu, presha iko juu, magoti yanauma kila akipanda ngazi, na mzani umepita tisini. Mhudumu wa afya, binti wa rika la wanangu, ananiambia kwa upole kabisa: "Mama, punguza kula." Namuuliza, na njaa je? "Utazoea tu, mama yangu." Kituo sikitaji, maana nina hakika ningeambiwa hayo hayo kwingine. Ushauri huo ndio ninaoupinga leo, na ninaupinga kama mtu niliyefundisha baiolojia sekondari maisha yangu yote ya kazi, kisha nikafungua mgahawa kando ya barabara kuu wanakopita wasafiri wa Dar es Salaam na Mwanza. Nashinda mbele ya masufuria. Asubuhi supu na chapati, mchana wali, ugali, maharage na kuku wa kienyeji kwa anayeiweza bei yake. Jaribuni kujinyima huku kitunguu cha Singida kinakaangwa chini ya pua zenu, kisha mje tuzungumze habari ya kuzoea.

Mwili hausomi mzani. Chakula kikipungua, wenyewe unachojua ni kwamba kiangazi kimeingia, na unajihami. Mwaka 1994 timu ya Jeffrey Friedman huko New York iligundua leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta ya mwilini na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Miaka mitano baadaye Wajapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wakagundua ghrelini, inayotoka zaidi tumboni na kuamsha hamu ya kula. Ukipungua, ya kwanza inashuka na ya pili inapanda. Kwa hiyo njaa ya anayepungua ni njaa ya kweli, yenye damu na kemia. Wanaoiita ulafi au uvivu wa moyo wangeanza na kitabu cha kidato cha tatu.

Kuna jaribio ambalo kila mshauri wa lishe angefaa alijue. Kuanzia Novemba 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Profesa Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wenye afya njema waliojitolea, akawalisha kwa miezi sita chakula cha takriban kalori 1,600 kwa siku. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini kilichotokea vichwani mwao ndicho kinachonigusa. Walizungumza chakula mchana kutwa, wakakiota usiku, wakakusanya vitabu vya mapishi, wakalamba sahani. Walipofunguliwa kula, baadhi yao walikula hadi wakaumwa na bado wakasema hawajashiba. Hawa walikuwa vijana wenye msimamo, waliokataa kushika bunduki kwa ajili ya imani zao na kuvumilia kutukanwa kwa hilo. Kama moyo mgumu ungetosha, wao wangefaulu.

Na hilo la kuzoea? Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walitoa matokeo ya watu 50 wanene waliowekwa kwenye chakula kidogo sana kwa wiki kumi. Wakapungua vizuri. Baada ya mwaka mmoja homoni zao za njaa zilikuwa bado hazijarudi zilipokuwa, na wenyewe walisema wana njaa kuliko kabla ya kuanza. Mwaka mzima, na miili haikuzoea.

Basi wapo watakaosema: fanya mazoezi, mwalimu, tembea. Natembea, na mazoezi ni dawa ya moyo, ya sukari na ya usingizi. Kwa kupunguza uzito yanasaidia kidogo kuliko tunavyodanganyana. Ushahidi wake haukutoka mbali. Kaskazini yetu, kando ya Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, ambao hadi juzi juzi chakula chao kilikuwa nyama ya kuwinda, mizizi, asali na ubuyu. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu wanazotumia kwa siku. Wanaume walikuwa wakitembea zaidi ya kilomita kumi na moja, wanawake karibu sita. Ukizingatia ukubwa wa miili, jumla ya nguvu walizotumia haikupishana na ya Wamarekani wanaokaa ofisini. Wahadzabe hawanenepi, na siri yake ni ngumu kuitafuta miguuni tu. Tutazame sufuria.

Hapo ndipo mgahawa wangu unaponifundisha kuliko ubao wa darasani. Mwaka 1995, huko Sydney, Susanna Holt na wenzake waliwapa watu vyakula 38 tofauti, kila kimoja kwa kiasi chenye kalori 240, wakawauliza kwa saa mbili wanajisikiaje kushiba. Mkate mweupe ulipewa alama 100. Mayai yalipata 150. Viazi mviringo vya kuchemsha vilishinda vyote kwa alama 323. Chipsi zikapata 116. Ni kiazi kile kile kimetoka shambani. Kimoja kimepita kwenye maji, kingine kwenye mafuta. Nenda stendi yoyote ya nchi hii ukaniambie kipi kinauzwa.

Nakuja kwenye mafuta, na hapa watu wa nyumbani watanichukia. Singida ni mkoa wa alizeti. Tunavuna, tunapeleka magunia mashineni, tunarudi na madumu ya mafuta na mashudu ya mifugo. Mafuta ya dukani mtu huyanunua kwa kipimo na kuyaonea huruma. Ya dumu la nyumbani humiminwa kwa jicho. Mboga inaogelea, wali unang'aa, chapati inakaangwa hadi karatasi inayofungia inapitisha mwanga. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120, karibu sawa na kiazi mviringo cha wastani kilichochemshwa, kizima. Kile kiazi utakisikia tumboni. Kijiko cha mafuta hutakisikia kabisa, utaongeza kingine. Sisemi alizeti ni sumu; ni mafuta mazuri na yamesomesha watoto wengi wilayani, wangu wakiwemo. Nasema yapimwe. Jikoni kwangu kijiko kinaning'inia kwenye mdomo wa dumu, na mkwe wangu amekwisha kuacha kunicheka.

Chakula kinachotuliza njaa kwa kalori chache ni kile chenye maji mengi, nyuzinyuzi na protini, kinachohitaji kutafunwa na kuchukua nafasi tumboni. Sasa tazameni chakula cha bibi zetu. Ugali wa mtama au uwele usiokobolewa. Mlenda, mbichi wakati wa mvua na wa unga wakati wa kiangazi, ambao kwa asili haukukaangwa. Majani ya kunde, mgagani, maboga. Makande ya mahindi mazima na maharage. Maziwa ya mgando. Kuku aliyekimbia uani hadi hana mafuta. Mtu akila sahani ya namna hiyo saa saba mchana, saa kumi na moja jioni bado ana mazungumzo mengine zaidi ya chakula. Akila sembe nyeupe na mchuzi wa mafuta, saa tisa anatafuta andazi. Kwa wenye presha kama mimi, magadi kwenye mlenda yawe kidogo sana, maana yana sodiamu kama chumvi, na karanga zitiwe kwa kijiko badala ya kiganja. Bibi alitia kwa kiganja, ni kweli, lakini bibi alikuwa analima kwa jembe la mkono na karanga zenyewe zilikuwa zinaisha Desemba.

Tumeviacha vyakula hivi kwa sababu vinaonekana vya kimaskini. Mgeni akija mlenda unafichwa, wali unapikwa. Harusini huoni ugali wa mtama. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2004-05 ulikuta asilimia 18 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Ule wa 2015-16 ukakuta asilimia 28. Miili haikubadilika katika miaka kumi na moja. Masufuria ndiyo yaliyobadilika, na soda, na chai yenye sukari vijiko vinne, kalori zinazoteremka kooni bila kugusa njaa.

Mengine mawili niyataje haraka. Ghrelini hupanda karibu na saa uliyozoea kula, kisha hushuka hata kama hukula. Waislamu wanaofunga Ramadhani wanalijua hilo bila maabara: saa saba ni taabu, saa tisa imepita. Kula kwa saa zisizobadilika ni nusu ya kazi. Lingine ni usingizi. Mwaka 2004 huko Chicago vijana 12 waliruhusiwa kulala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, kwa usiku mbili. Ghrelini yao ikapanda kwa asilimia 28 na leptini ikashuka kwa asilimia 18. Mimi naamka saa kumi alfajiri kukanda chapati, na siku nilizochelewa kulala najijua: mkono hautoki kwenye sinia la vitumbua.

Kuhusu zile chai za kupunguza tumbo zinazotembezwa minadani na kwenye simu, nyingi ni za kuharisha tu. Unapoteza maji na fedha. Na njaa isiyoisha ikifuatana na kiu na kukojoa mara kwa mara, usisome makala, nenda kapime sukari leo.

Najua mtu wa Sepuka au Mtunduru anaweza kunisoma akasema huyu mwalimu ameshiba sana, sisi Februari ghala linabaki vumbi. Ana haki. Lakini katika nyumba moja hapa Ikungi unaweza kumkuta mtoto aliyedumaa na bibi mwenye presha na kilo tisini na tano, wote wakila sufuria moja. Kunde, maziwa na mboga za majani vingewafaa wote wawili. Unga mweupe na mafuta ya kumimina havimjengi mmoja wala havimpunguzi mwingine. Ndiyo maana sikubali kwamba habari ya unene ni ya matajiri wa Masaki, Dar es Salaam. Na anayepungua huku kwetu ana mzigo ambao wa Masaki hana: akikonda, anaulizwa anaumwa nini. Vifo vya UKIMWI vya miaka ya tisini vilituachia jicho hilo. Nimeulizwa sokoni, kanisani na kwenye msiba, tena na watu wanaonipenda.

Halmashauri ina maafisa lishe, na wana kazi kubwa ya watoto. Ninachoomba ni kidogo. Mtu akiambiwa kliniki apungue, aambiwe papo hapo ale nini ashibe, kwa majina ya vyakula vinavyouzwa gulioni kwake, na aonyeshwe kijiko cha mafuta kwa macho. Dakika tano zinatosha. Na sisi wenye migahawa tuandike ubaoni ugali wa mtama bila haya.

Mimi nimeandika: ugali wa mtama, mlenda, kunde, kipande cha kuku. Dereva mmoja wa lori aliniuliza, "Shikamoo mwalimu, hiki ni chakula cha wagonjwa?" Nikamwambia marahaba, kaa ule. Alikula akamaliza, akasema kimemfikisha Nzega bila kusimama kununua kitu. Safari iliyofuata akaagiza chipsi mayai. Nilimkaangia, maana biashara ni biashara, na kachumbari nikamwekea mara mbili.