Mfuatano si Upangaji: Maoni Kuhusu Istilahi za Orodha katika Programu za Kompyuta

1.0 Utangulizi

Katika miaka ya karibuni baadhi ya wanafunzi wetu wa uzamili wameanza kuandika wenyewe programu za kuchanganua matini za Kiswahili. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Hata hivyo, imeibua tatizo la kiistilahi ambalo, kwa maoni yetu, si dogo. Katika rasimu za tasnifu hukutana msomaji na maelezo kwamba maneno ya matini fulani "yaliwekwa katika orodha iliyopangwa". Je, maneno hayo yalibaki katika mfuatano alioutumia mtunzi, au yalipangwa upya kwa alfabeti? Ikiwa ni hili la pili, hitimisho lolote kuhusu sintaksia ya matini hiyo halina msingi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hapa pana dhana mbili, na kwamba kila moja inastahili istilahi yake.

2.0 Dhana Mbili katika Lugha za Programu

Lugha za programu zinazojengwa juu ya vitu, ambazo chimbuko lake ni Simula 67 ya huko Norway, huweka data pamoja na kazi zinazotendwa juu ya data hiyo katika umbo moja liitwalo kitu. Kwa hiyo hata mkusanyo wa data ni kitu chenye kanuni zake. Anayeuchagua mkusanyo huchagua pia ahadi ambayo mkusanyo huo utaitimiza.

Smalltalk-80, iliyoelezwa na Adele Goldberg na David Robson katika kitabu chao cha mwaka 1983, ilizitenga ahadi hizo waziwazi. Mkusanyo ulioitwa OrderedCollection ulitunza vitu kwa mfuatano wa kuingizwa kwake. Ule ulioitwa SortedCollection ulivipanga kwa kigezo alichokitoa mwandishi wa programu. Java nayo, katika toleo la 1.2 la mwaka 1998, ilitenganisha orodha, ambayo hutunza nafasi ya kila kitu na kuruhusu marudio, na seti, ambayo hairuhusu marudio. Mwaka 2023, katika toleo la 21, Java iliongezewa aina ya jumla ya mikusanyo yenye mwanzo, mwisho na mfuatano unaojulikana. Jina walilolichagua waundaji wake linatokana na dhana ya kufuatana, wala si dhana ya kupanga kwa kigezo. Ikiwa wao wenyewe wameona haja ya kuutaja mfuatano kwa jina lake, sisi tunaounda istilahi leo hatuna sababu ya kuuficha.

3.0 Ushahidi wa Kitenzi cha Kiswahili

Mwanaisimu hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Tuchukue kitenzi alisoma, chenye mofimu nne: a-li-som-a. Tukiziweka katika orodha, na kwa kuwa Java huhesabu nafasi kuanzia 0, kiambishi cha nafsi kitakuwa katika nafasi ya 0, cha njeo katika nafasi ya 1, mzizi katika nafasi ya 2 na kiishio katika nafasi ya 3. Tukitaka kupata alikisoma, tunaiamuru orodha iingize ki katika nafasi ya 2. Orodha yenyewe itausogeza mzizi hadi nafasi ya 3 na kiishio hadi nafasi ya 4. Hivi ndivyo sarufi yetu inavyotenda pia: yambwa inapoingia, vinavyofuata husogea, wala hakuna kinachopotea.

Sasa tuziweke mofimu zilezile nne katika seti, kila moja ikiwa ni mfuatano wa herufi tu. Seti itaziona a mbili kuwa ni kitu kimoja, na tutabaki na mofimu tatu. Nafsi na kiishio vitakuwa vimeunganishwa na mashine bila onyo lolote. Na tukizipanga kwa alfabeti, tutapata a, a, li, som: hakuna kilichopotea kwa idadi, lakini kitenzi hakipo tena.

Viambishi vya unyambulishaji vinatoa ushahidi mzito zaidi. Piganisha na pigishana vina mzizi mmoja, viambishi vilevile na kiishio kilekile. Kinachotofautiana ni mfuatano wa -an- na -ish-. Piganisha ni kusababisha watu wapigane. Pigishana ni kila mmoja kumsababisha mwenzake apige. Hapa mfuatano ndio unaobeba maana. Programu inayoupoteza imepoteza ile data yenyewe iliyokusudiwa kuchunguzwa.

4.0 Upangaji na Matatizo Yake

Hatusemi kwamba upangaji kwa alfabeti hauna thamani. Leksikografia haiwezi kufanya kazi bila huo. Lakini huo ni utendaji mwingine wenye matatizo yake. Kompyuta inapolinganisha herufi kwa namba zake za msimbo tu, neno ng'ombe likiandikwa kwa ritifaa iliyonyooka litatangulia ngano. Likiandikwa kwa ritifaa iliyopinda litakuja baada ya nguzo. Neno moja hujikuta katika sehemu mbili za kamusi kwa sababu ya alama ambayo msomaji haioni tofauti yake. Mtafiti asiyetenganisha mfuatano na upangaji hatajua hata kosa lilianzia wapi.

5.0 Pendekezo

Chanzo cha utata ni kitenzi panga, ambacho kimekwisha kubebeshwa mzigo mkubwa. Tunapanga vyombo, tunapanga safari, tunapanga nyumba ya mtu. Na wengine huita hata uandishi wa programu upangaji. Tunapendekeza basi kwamba mkusanyo unaotunza nafasi za vitu uitwe orodha ya mfuatano, na ule unaotii alfabeti, ukubwa au sifa nyingine uitwe orodha iliyopangwa kwa kigezo, na kigezo chenyewe kitajwe. Neno mfuatano lina faida ya kubeba ufafanuzi wake: limetokana na fuatana, ambamo -an- inatuambia kwamba kila kimoja kina jirani yake.

Huenda wako watakaopinga kwamba kila orodha iliyopangwa ina mfuatano, na kwa hiyo istilahi moja yatosha. Ni kweli kwamba ina mfuatano. Lakini si kila mfuatano umepangwa kwa kigezo. Kila ng'ombe ni mnyama, na bado hakuna mfugaji anayeridhika na neno mnyama peke yake.

6.0 Hitimisho

Wanaisimu tuliita tungo kile kinachotokana na kutunga, kama shanga zinavyotungwa katika uzi. Tulijua tangu awali kwamba shanga zilezile, zikitungwa kwa mfuatano mwingine, ni mkufu mwingine. Tunachoomba ni kwamba ujuzi huo usiachwe mlangoni tunapoingia katika chumba cha kompyuta. Wasimamizi wa tasnifu wawadai wanafunzi waeleze ni mkusanyo gani walioutumia na unatunza nini. Pasipo maelezo hayo, hatuna njia ya kuyapima matokeo yao.