Baba anapotamani ndege yake mwenyewe

Jumapili moja jioni, vyombo vikiwa bado mezani, baba mmoja wa Nairobi alimsogezea mkewe simu. "Mama watoto, hebu tazama hii." Ilikuwa picha ya Cessna 172 nyeupe yenye mstari mwekundu ubavuni, ya miaka ya sabini, imeegeshwa katika uwanja wa Wilson. Mwenyewe alikuwa akiitaka dola 60,000. Marafiki watatu wenye leseni ya urubani walikuwa tayari kuinunua kwa pamoja, na walikuwa wakimtafuta wa nne. Kila mmoja angetoa dola 15,000.

"Ni bei ya gari tu," alisema baba.

Ni kweli, ni bei ya gari. Mama hakukataa wala hakununa. Aliinuka, akaleta daftari la matumizi ya nyumba, lile lile lenye karo na kodi, akafungua ukurasa mpya.

Ndoto ya baba haikuwa ya kuchekwa. Cessna 172 ndiyo ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote duniani. Tangu 1956 zimetoka kiwandani zaidi ya 44,000, na marubani wengi wamejifunzia humo. Mafundi wanaijua na vipuri vyake vinapatikana. Mpya inauzwa zaidi ya dola 400,000, ndiyo maana wenye mshahara huangukia za zamani. Na ndege ya miaka hamsini iliyotunzwa vizuri si kitu cha kuogopesha. Tatizo liko kwenye hilo neno "iliyotunzwa".

Swali la kwanza la mama lilikuwa jepesi: hiyo ndege inabeba watu wangapi? Wanne. Nyumbani humo wapo watano. Kitinda mimba, mwenye miaka saba, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, aliuliza nani atabaki, na hakuna aliyemjibu.

Hata hao wanne si wa hakika. Ndege ya umri ule inaruhusiwa kupaa na uzito usiozidi kilo 1,043, na yenyewe ikiwa tupu ina kilo 640 hivi. Zinabaki kama 400 za kugawana. Tangi zikijaa, mafuta huchukua kilo 100 na ushei. Kilichobaki hakitoshi watu wazima wanne wa kilo 80, sembuse na mabegi. Tena Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, hivyo injini hupungukiwa nguvu, na mchana wa jua kali ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili ipae. Kwa hiyo ile picha ya familia nzima ikienda Diani na koleo za kuchezea mchanga ilianza kupungua mtu mmoja mmoja.

Mafuta yenyewe hayakumshtua mama sana. Cessna ya aina hiyo hunywa lita 30 hadi 35 kwa saa, na kwenda pwani ni saa mbili na kitu. Lakini si petroli ya gari. Huitwa avgas, ni ghali zaidi, na si kila uwanja unayo, hivyo safari hupangwa kwa kufuata mahali mafuta yalipo. Avgas iliyozoeleka pia ina madini ya risasi, sumu kwa watoto. Baba anayeshika mafuta hayo kabla ya safari anawe mikono vizuri kabla ya kumbeba mtoto. Hilo halikuingia kwenye hesabu, ila mama aliliandika pembeni.

Kilichomsimamisha kalamu ni injini.

Injini ya ndege hiyo, Lycoming ya silinda nne, mtengenezaji anapendekeza ifumuliwe na kufanywa upya kila baada ya saa 2,000 za kuruka, au miaka 12, lolote litakalotangulia. Kazi hiyo inaweza kufika dola 30,000. Baba alipompigia simu rafiki yake kuuliza, jibu likaja kwamba injini ile ilikuwa imekwisha kuruka saa 1,500.

Mama akaandika. Robo tatu ya injini imeshaliwa. Kwa bei ya kuifufua, hizo ni dola 22,500 ambazo mwenye ndege amezitumia angani na hazimo kwenye bei anayotaja. Wote wanne wakiruka saa 40 kila mmoja kwa mwaka, zile 500 zilizobaki zitakwisha baada ya miaka mitatu na miezi kidogo. Siku hiyo kila mmoja atadaiwa dola 7,500 kwa mkupuo. Kifungua mimba yuko kidato cha tatu. Baada ya miaka mitatu atakuwa chuo kikuu.

Hapo baba aliacha kutabasamu. Alikuwa akiijua namba ya 2,000 tangu shule ya urubani. Hakuwahi kuiweka kwenye kalenda moja na watoto wake.

Kuna gharama nyingine zisizojali kama ndege imeruka au imelala: maegesho au banda, bima, ukaguzi wa kina wa kila mwaka. Mama aliweka makadirio ya dola 8,000 kwa mwaka kwa ndege nzima, yaani 2,000 kwa kila mwenye hisa. Baba akiruka saa 40, kila saa inabeba dola 50 kabla hajatia hata lita moja. Akiruka saa 8, kila saa inabeba 250. Na ndege inayolala haipumziki. Unyevu huingia ndani ya injini na kutu ikaanza kazi yake, ndiyo sababu mtengenezaji anataka mafuta ya injini yabadilishwe kila miezi minne hata kama saa 50 hazijatimia.

"Kwani mwaka jana uliruka saa ngapi, baba watoto?"

Alikwenda kuchukua kitabu chake cha kumbukumbu. Zilikuwa saa 11.

Jambo zito kuliko pesa lilisemwa usiku, watoto wakiwa wamelala. Mama alisema haogopi ndege, anaogopa mwezi wa Januari. Alitaka kujua, Januari ile karo imemaliza kila kitu na fundi amesema silinda moja haiko sawa, mmoja wa wale wanne asipokuwa na mchango wake itakuwaje. Je, watasema ndege isiruke hadi pesa ipatikane, au watasema tuangalie mwezi ujao? Akauliza pia kuhusu Jumapili jioni, wakiwa pwani, wingu limeshuka na kesho ni kazini. Leseni ya baba haimruhusu kuruka ndani ya wingu. Nani atamwambia mkubwa wa ofisi kwamba Jumatatu hafiki?

Ni maswali ambayo muuza ndege hawezi kuyajibu, na ni haki ya mke kuyauliza kabla ya saini. Lipo na la bima ya maisha: nyingi huuliza kama mtu anaruka ndege za binafsi, na baadhi hazilipi akifa humo. Baba huyu alikuwa amejaza fomu yake miaka tisa nyuma, kabla ya kupata leseni.

Hawakuafikiana usiku ule. Baba alinuna siku mbili. Siku ya tatu alikuja na pendekezo lake mwenyewe: asinunue, akodishe kwa mwaka mmoja pale pale Wilson, alipe kwa saa, na kila saa iandikwe kwenye daftari la nyumba. Saa ya kukodi ni ghali kuitazama, lakini injini, bima na banda vimo ndani yake, na ndege ikiharibika ni ya mwenyewe. Mama akaongeza lake. Baba akifikisha saa 40 bila kugusa karo, mazungumzo yafunguliwe tena.

Marafiki walimpata mtu mwingine wa nne.

Mwaka ulipoisha daftari lilikuwa na saa 37. Kitinda mimba alikuwa amekaa kiti cha mbele mara mbili na kutapika mara moja. Ukurasa wa karo haukuwa na deni. Mama aliijumlisha safu ile mara ya pili, akaitazama, kisha akauliza bila kuinua kichwa:

"Ile injini yao sasa imefika saa ngapi?"