Magongo Tunayokusudia Kununua

Twasikia kwamba halmashauri ya michezo ya tawi letu hapa Ndanda yakusudia kuagiza Dar es Salaam magongo kumi na mawili, yote ya kipimo kimoja, kwa kuwa ati hivyo ni rahisi kuandika hati ya kuagizia. Twaomba radhi kwa mabwana wa halmashauri, lakini shauri hilo hatukubaliani nalo, na fedha zitakazotumika ni michango ya wanachama wote.

Je, watakaoyashika wana kimo kimoja? Karani wa masjala ni mrefu kama mnazi, na mwenzake wa stoo amfikia kifuani. Gongo la kawaida la mtu mzima ni la inchi 36½, na la mtu mrefu ni la inchi 37½. Inchi moja yaonekana si kitu. Nasi tulidhani hivyo siku tuliponunua gongo letu la kwanza katika duka moja, ambalo jina lake twaliacha, na mwenye duka akatuapia kwamba magongo yote ni sawa. Lilikuwa fupi kwetu. Tulicheza tumeinama kama mpalilia muhogo, na juma zima tukaandika barua za ofisi kwa kusimama. Kumbe kupima ni jambo jepesi: lisimamishe kando ya mguu, ncha ya mpini ifikie mfupa wa nyonga.

Baada ya urefu yafuata mahali pa mchezaji uwanjani. Beki, ambaye kazi yake ni kuuzuia mpira na kuupeleka mbali, hufaidika na gongo zito kidogo, lenye kichwa kipana. Fowadi ataka jepesi, aligeuze upesi mkononi. Sheria huruhusu uzito usiozidi gramu 737, lakini magongo mengi ya siku hizi hayafiki hapo. Mpini nao hupinda kidogo kama upinde, usizidi milimita 25. Upinde ukiwa karibu na kichwa humsaidia mtu kuuinua mpira, lakini anayeanza humtoroka. Vivyo hivyo gongo lenye kaboni nyingi hupiga kwa nguvu, ila mpira huliruka likiwa katika mikono isiyozoea, hasa juu ya uwanja wa udongo mgumu kama wetu. Kwa wengi wetu, la kaboni kidogo latosha, na bei yake ni nafuu.

Bwana mmoja alituuliza kama lipo gongo la mashoto. Halipo. Sheria yataka upande bapa uwe wa kushoto tu, basi wa mashoto na wa kuume hujifunza lilo hilo.

Wako wanaosema tusinunue kabisa, twende Newala au uwandani kwa mafundi wetu watuchongee ya mpingo. Twawaheshimu mafundi hao, nao wajulikana duniani. Lakini mpingo huzama majini kwa uzito wake, na gongo lililochongwa kutoka ubao ulionyooka huvunjika penye kona, kwa sababu nyuzi za mti zimekatwa. Magongo ya zamani ya India na Pakistani yalikuwa ya mforosadi uliopindwa kwa mvuke, nyuzi zikafuata kona. Kwa mazoezi ya watoto, tawi lililojipinda lenyewe lafaa sana. Kwa mechi, la.

Wala mchezo huu si mgeni kwa watu wa ofisi. Katika Kenya uliimarishwa na Wagoa na Masingasinga, wengi wao wakiwa makarani, na mwaka 1971 timu yao ilikuwa ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, huko Barcelona. Avtar Singh Sohal, aliyecheza Olimpiki nne tangu 1960 hata 1972, alikuwa beki. Tanzania nayo ilikwenda Moscow mwaka 1980, ikafungwa na India mabao 18 kwa bila; hatusemi magongo ndiyo yaliyowafunga.

Shauri letu ni hili. Hati isipelekwe bado. Kila mwanachama atakaye kucheza apimwe Jumamosi, baada ya kazi, naye aandike jina lake, kimo chake, na mahali achezapo. Twadhani saba yatakuwa ya 36½, na matano ya 37½. Lakini kamba ya kupimia ndiyo itakayosema, nasi tutaileta wenyewe.