Ritifaa ya Ng'ombe

Yasemwa na baadhi ya wenzetu kwamba mwalimu wa Kiswahili anayeirudia lugha ya C, baada ya miaka mingi ya kuandika programu kwa Python, apoteza wakati wake. Hoja yao ni hii: lugha za juu zimekwisha kutupunguzia taabu, na siku hizi akili unde huandika programu kwa niaba yetu, ya nini basi kushuka tena hadi karibu na mtambo? Naikataa hoja hii, nami nitaeleza sababu.

C ilibuniwa na Dennis Ritchie nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Python ilitolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, na programu kuu inayoifasiri imeandikwa kwa C hiyo hiyo. Aidharauye C hudharau msingi wa nyumba alalamo.

Niliijua C ujanani, nikaiacha. Hapa Mwanza nilihesabu maneno ya hadithi za wavuvi kwa Python, nikitumia kanuni iliyo tayari ya kutenga maneno. Matokeo yalipendeza machoni, nami niliyaamini. Nilipoirudia kazi hiyo kwa C, ilinibidi kuandika kwa mkono wangu sharti la mahali neno linapokoma. Hapo niligutuka. Kwa kanuni ile ya kwanza ritifaa haikuwa sehemu ya neno: ng'ombe alikuwa amepasuliwa vipande viwili, «ng» na «ombe». Tena, katika mfumo wa UTF-8, ritifaa iliyonyooka huchukua baiti 1, na iliyopinda huchukua baiti 3. Neno lile lile laweza kuwa na baiti 7 au 9, na mtambo ukalihesabu kuwa maneno mawili mbalimbali.

Jambo hili si dogo katika pwani hii ya Ziwa Victoria, ambako majina mengi ya Kisukuma huanza kwa Ng'w. Mtu ambaye jina lake limekatwa katika orodha haelezwi kwamba kosa ni la ritifaa. Huenda akaambiwa tu kwamba hayumo.

Wapinzani watajibu kuwa mstari mmoja wa Python watosha kuliondoa kosa hili. Ni kweli. Lakini ni nani atakayeuandika mstari huo, ikiwa hajui kwamba kosa lipo? Kanuni iliyo tayari ni wavu uliofumwa na mwingine. Wavuvi wetu hawavulii dagaa wavu wa sangara, kwani wayajua matundu yake. Sisi wasomi twatupa wavu tusioyajua matundu yake, kisha twatangaza kwamba ziwani hamna dagaa.

Sisemi tuishi chini siku zote. C ina hatari zake: haimzuii mwandishi kuvuka mpaka wa kumbukumbu aliyoitenga, na makosa ya namna hiyo yamekuwa mlango wa wadukuzi. Kazi ya kila siku na ifanywe juu. Ninalodai ni kwamba kila mwanafunzi wa Kiswahili atakaye kuhesabu maneno kwa kompyuta ashuke walau muhula mmoja, aione herufi ikiwa tarakimu, ndipo apande. Asiyetaka kushuka, asituletee hesabu zake za ng'ombe.