Oksimita na Ngozi Nyeusi

Kwa muda mrefu alama za uhai zilizoandikwa na muuguzi katika kadi ya mgonjwa zilikuwa nne: joto la mwili, mapigo ya moyo, idadi ya pumzi kwa dakika na shinikizo la damu. Ya tano, yaani kiasi cha oksijeni katika damu, iliongezwa baada ya kubuniwa oksimita, kile kifaa kidogo kibanwacho kidoleni, ambacho kilienea sana tangu janga la UVIKO-19 la mwaka 2020. Kifaa hiki kinapendeza. Hakuna sindano wala damu, na baada ya sekunde chache tarakimu huonekana. Lakini nionavyo mimi, tumeipokea tarakimu hiyo bila kuiuliza swali ambalo mwenye duka huulizwa kila mwaka kuhusu mizani yake.

Himoglobini iliyobeba oksijeni huwa nyekundu ya kung'aa. Iliyopoteza oksijeni huwa na wekundu uliofifia na kuelekea weusi. Oksimita hupitisha kidoleni mianga miwili: mmoja mwekundu, wenye mawimbi ya urefu wa nanomita 660 hivi, na mwingine wa infraredi, usioonekana kwa macho, wa nanomita 940 hivi. Mhandisi Takuo Aoyagi wa Japani alionyesha mwaka 1974 kwamba tukiitazama ile sehemu tu ya mwanga inayopanda na kushuka kwa kila pigo la moyo, twaweza kuitenga damu ya ateri na nyama, mfupa na ngozi, ambavyo havipwiti.

Kwa nadharia, basi, rangi ya ngozi ingejitoa yenyewe hesabuni. Kwa vitendo haijitoi kabisa, kwani melanini hupunguza mwanga upitao. Zaidi ya hayo, kifaa hakipimi oksijeni moja kwa moja, bali hulinganisha uwiano wa mianga ile miwili na jedwali lililowekwa ndani yake na mtengenezaji. Jedwali hilo hupatikana kwa kuwavutisha watu wenye afya njema hewa iliyopunguzwa oksijeni, huku damu ya ateri zao ikipimwa maabara. Watu hao ni akina nani? Mwongozo uliotolewa mwaka 2013 na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ulitaka wasipungue 10, na miongoni mwao wenye ngozi nyeusi wawe wawili, au asilimia 15 ya wote ikiwa idadi hiyo ni kubwa zaidi. Wawili! Hata mkulima anayejaribu mbegu mpya hupanda mashimo zaidi ya mawili.

Matokeo yake yalikwisha kujulikana zamani. Mwaka 1990 Amal Jubran na Martin Tobin walieleza habari za wagonjwa waliokuwa wakisaidiwa kupumua kwa mashine: kwa wagonjwa weupe, oksimita iliposoma asilimia 92 tabibu aliweza kuitegemea, kwa weusi ilihitajika 95. Miaka 30 baadaye, Desemba 2020, Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walitazama vipimo ambavyo oksimita ilisoma kati ya 92 na 96, wakavilinganisha na damu yenyewe. Katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, oksijeni ya kweli ilikuwa chini ya 88. Kwa weupe ilikuwa asilimia 3.6.

Kule Marekani kosa hili lilionekana kwa sababu wodi moja ina wagonjwa wa rangi mbalimbali. Katika wodi zetu karibu wote wana ngozi ya aina moja, hakuna wa kulinganishwa naye, na kwa hiyo kosa hujificha kwa kila mtu. Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto apewe oksijeni anaposhuka chini ya asilimia 90. Mtoto ambaye kifaa kinasema ana 91 yamkini ana 87, na mtungi pekee uliopo wodini ukapelekwa kitanda kingine.

Wapo watakaosema kwamba kifaa chenye kasoro ni bora kuliko kukosa kifaa. Nakubali, wala simshauri muuguzi yeyote akitupe. Jicho la mwanadamu huchelewa zaidi kuona midomo ikigeuka rangi, hasa midomo yetu. Ninachokataa ni kuikubali kasoro kana kwamba ni amri ya Mungu. Zipo hospitali zetu ambazo tayari hupima gesi za damu ya ateri kwa wagonjwa mahututi. Saa ile ile damu itolewapo, oksimita isomwe na tarakimu zote mbili ziandikwe pamoja na rangi ya ngozi. Kazi hiyo yafaa sana kwa wanafunzi wetu wa shahada za juu. Nayo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba iwadai watengenezaji matokeo ya majaribio juu ya ngozi nyeusi kabla ya ununuzi. Dai hilo si la kupita kiasi: rasimu ya mwongozo mpya wa Marekani, ya Januari 2025, yapendekeza watu 150 au zaidi wenye ngozi za rangi mbalimbali.

Kwa sasa, kidole chenye piko au rangi ya kucha kisitumike, maana huweza kuzuia mwanga. Upungufu wa damu nao ukumbukwe, kwa kuwa oksimita husoma asilimia tu: mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria aweza kusoma 98 na bado oksijeni imfikiayo ikawa haba. Na zile pumzi, ambazo aghalabu huandikwa kwa kukisia, zihesabiwe kwa saa yenye mshale wa sekunde, dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya mitano, ni 40 au zaidi. Mtoto wa miaka miwili apumuaye mara 56, kifua kikibonyea ndani, asirudishwe nyumbani kwa sababu tu oksimita imesoma 93.